Mtaji Ulioliwa Mwaka wa Korona

Ukifungua vitabu vya serikali, korona ilitupitia upesi. Shirika la takwimu la taifa, KNBS, lilitangaza kwamba mwaka 2020 uchumi wa Kenya ulishuka kwa asilimia 0.3, na mwaka uliofuata ukapanda kwa asilimia 7.5. Mtu ambaye hakuwa Mombasa miaka hiyo akizisoma namba hizo atadhani tulijikwaa kidogo, tukainuka, tukakung'uta vumbi na safari ikaendelea. Mimi nilikuwa hapa. Nazijua nyumba nyingi ambazo mpaka leo hazijarudi pale zilipokuwa Februari 2020, na wenyewe si wavivu wala hawakukosa maarifa. Walikula mtaji. Serikali hupima mapato ya mwaka. Haina kitabu cha kuandikia bangili zilizouzwa, kiwanja kilichotolewa kwa bei ya hasara, wala unga wa biashara uliopikwa ukaliwa nyumbani kwa sababu wanunuzi wametoweka.

Mambo yalikwenda mbio. Ijumaa ya tarehe 13 Machi 2020, Waziri wa Afya Mutahi Kagwe alitangaza mgonjwa wa kwanza nchini. Siku mbili baadaye Rais Uhuru Kenyatta akatangaza kufungwa kwa shule. Tarehe 25 ndege za abiria kutoka nje zikasimamishwa, tarehe 27 kafyu ikaanza, kuanzia saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri, na tarehe 8 Aprili Mombasa, Kilifi na Kwale zikafungwa, hakuna wa kuingia wala wa kutoka. Haya yote hayakumaliza mwezi. Aliyekuwa na mshahara bado alikuwa na pesa za mwezi ule mkononi. Anayekula alichouza leo hakuwa na hata wiki ya kujipanga.

Mamangu mdogo huuza mahamri na mbaazi upande wa Likoni, karibu na njia ya kuteremkia feri. Biashara hii ina saa zake. Unga hukandwa usiku kwa tui, sukari, hamira na iliki, ukafunikwa uumuke. Saa tisa za usiku anaamka kukata madonge na kuyasukuma, na adhana ya alfajiri ikilia mafuta yashapata moto. Wateja wake ni watu wa kuvuka mapema: vibarua wa bandarini, mafundi, walinzi, wapishi na wahudumu wa hoteli za Nyali na Bamburi. Feri ya Likoni huvusha zaidi ya watu laki tatu kwa siku, na wengi wao hawanywi chai nyumbani. Kabla jua halijawa kali, sinia limebaki makombo, naye anahesabu pesa: hizi za unga, hizi za mafuta na nazi, hizi za mkaa, hizi za mchezo wa kina mama, zinazobaki ndizo za chakula. Mgao huo ndio maisha yake yote, na aliulinda kwa miaka mingi kwa nidhamu ambayo sijaiona kwa watu wengi wenye ofisi.

Kafyu iliuvunja mgao huo kwa siku chache tu. Hakuna aliyeruhusiwa kutoka kabla ya saa kumi na moja, kwa hivyo watu wote wakawa wanamiminika feri kwa mkupuo mmoja. Idadi ya abiria wa kila safari ilikuwa imepunguzwa ili watu wasibanane chomboni, na matokeo yake wakabanana kwenye foleni. Nani angesimama kula hamri na mbaazi huku anahofia kukosa safari? Jioni ilikuwa mbaya zaidi. Siku ileile ya kwanza ya kafyu, askari waliwarushia vitoa machozi na kuwapiga abiria waliokuwa wakingoja kuvuka Likoni, na saa moja bado haijafika. Watu walilazwa chini wakapigwa marungu kwa kosa la kutaka kwenda kwao. Rais aliomba radhi siku chache baadaye kwa jinsi polisi walivyotumia nguvu, lakini tayari Kiamaiko, Nairobi, mtoto wa miaka 13 alikuwa amepigwa risasi akiwa kwenye roshani ya nyumbani kwao, akafa. Sitaacha kuyataja haya kila ninapoandika kuhusu uchumi wa mwaka ule. Biashara ya barabarani inategemea watu kutembea bila hofu, na hofu iliyotufunga ndani siku zile ilikuwa ya virusi na ya rungu kwa pamoja.

Kisha hoteli zikafungwa, na wateja wa mamangu mdogo hawakuwa na sababu tena ya kuvuka. Wiki ya kwanza alipunguza unga. Wiki ya pili mahamri yalibaki, akayagawa kwa majirani kabla hayajakauka. Baadaye akaacha kukanda kabisa. Hapo ndipo mtaji huanza kuliwa, na huliwa polepole bila mtu kuamua kwamba leo naula. Unga wa biashara unakuwa ugali wa ngano wa watoto. Mafuta ya biashara yanakaanga samaki wa nyumbani. Pesa iliyotengwa kununua mzigo mwingine inalipa kodi ya nyumba, kwa sababu mwenye nyumba naye ni mjane anayeishi kwa kodi ya vyumba hivyo na hana pengine pa kupata. Nilipomuuliza atafanyaje zuio likiondolewa, alinijibu hivi: "Mtaji ushaliwa, mwanangu. Na walioula ni wangu mwenyewe, sasa nimdai nani?"

Watu wasiofanya biashara ndogo huwa hawaelewi kwa nini mtaji ukiliwa ni shida kuurudisha hata wateja wakirudi. Zamani alinunua unga kwa beli na mafuta kwa mtungi wa lita ishirini, kwa bei ya jumla. Zuio la Mombasa lilipoondolewa Julai 2020, alirudi barabarani akinunua unga kwa pakiti na mafuta kwa vipimo vya dukani. Hamri ni lilelile na bei yake ni ileile, kwa sababu mteja naye hana kitu, lakini faida imebaki kwa mwenye duka. Akiuza kutwa nzima anapata cha kula, hapati cha kuweka. Bila cha kuweka hanunui beli. Namba za KNBS zitasema kwamba huyu mama amerudi kazini, na ni kweli amerudi. Anafanya kazi ileile, saa zilezile, kwa pato dogo kuliko la awali, na hakuna safu kwenye jedwali ya kulionyesha hilo.

Mchezo wao wa kina mama ulikufa Aprili. Kwa asiyeujua, kila mmoja hutoa kiasi fulani kila wiki, na wiki hiyo zote humwendea mmoja kwa zamu. Hauna karatasi ya mwanasheria wala riba. Una majina kwenye daftari na aibu ya kukutana msikitini ama sokoni na mtu unayemdai. Korona ilipoingia, waliokuwa wamepokea mwanzo wa mzunguko hawakuwa na cha kutoa, na waliokuwa wanangoja zamu zao ndio waliobaki mikono mitupu. Hapakuwa na mwizi. Mmoja alikuwa ametumia fungu lake kulipa karo Januari, mwingine kununua cherehani. Lakini wawili kati yao, waliozikana wazazi na kuozeshana watoto, walikaa muda mrefu bila kusalimiana. Hasara ya pesa ilikuwa kubwa, ila mimi nililia zaidi kwa hii nyingine. Mtu aliyeacha kuaminiwa kwenye mchezo hapati mkopo wa chumvi, hapati wa kumwangalizia mtoto, na akiugua hana wa kumchangia haraka.

Mwezi wa Ramadhani uliingia mwishoni mwa Aprili misikiti ikiwa imefungwa. Tulisali tarawehe majumbani, na kwa wazee wetu hilo lilikuwa jambo ambalo hawakuwahi kuliona. Tarehe 6 Mei ikatangazwa kwamba Mji wa Kale wa hapa Mombasa, pamoja na Eastleigh kule Nairobi, utafungwa peke yake kwa siku 15, kwa kuwa wagonjwa walikuwa wanaongezeka. Siku zile zikaongezwa hadi tarehe 6 Juni, kwa hivyo Idd iliwakuta watu wa Mji wa Kale wakiwa ndani ya vizuizi. Misikiti ilipokuja kuruhusiwa Julai, sharti likawa watu wasiozidi 100, kwa muda wa saa moja, na waliozidi miaka 58 wabaki nyumbani. Nilimwona babu wa jirani yetu akivaa kanzu na kofia kila adhuhuri, akikaa barazani kuangalia wenzake wadogo wakienda. Sheria ilikusudia kumlinda, na huenda ilimlinda kweli. Ila jamii yetu humheshimu mzee kwa kumtanguliza mbele, na pale tulimwacha nyuma bila hata kumweleza vizuri.

Idd ile iliondoka na harusi zote. Asiyeishi Pwani anaona harusi ni sherehe. Kwetu harusi ni ajira. Baada ya mfungo huo ndio msimu wake, na harusi moja humlipa mpishi wa pilau na vijana wake wa sufuria, mpaka hina anayewapamba maharusi, fundi wa madela, muuza vitambaa wa Biashara Street, mtengeneza halwa, wapiga taarabu, mwenye viti na mahema, mfuma shada la asumini, dereva wa matatu ya kubeba maharusi. Wengi wao hufanya kazi miezi michache kwa mwaka na kuishi kwayo miezi iliyobaki. Msimu wa 2020 haukuwepo. Ndoa zilifungwa, kwa watu wachache sebuleni, na bibi harusi mmoja wa ukoo wetu alitiwa hina na dada zake wenyewe kwa sababu mpaka hina alikuwa upande wa pili wa kizuizi. Wazazi wengine, nasema kweli, walishukuru kuepuka gharama. Mpaka hina huyo aliuza simu yake, na simu ndiyo iliyokuwa inamletea wateja kwa picha za kazi zake.

Utalii umeandikwa sana, sitaurefusha. Wageni waliofika Kenya mwaka 2019 walizidi milioni 2. Mwaka 2020 hawakufika laki sita. Binamu yangu alikuwa mpishi hotelini, ana hati ya mshahara na mkopo wa benki unaokatwa kila mwezi. Alipewa likizo bila malipo, mkopo haukupewa likizo. Ulisogezwa mbele, riba ikiendelea kuhesabiwa. Aliuza kiwanja chake cha Mtwapa ambacho alikuwa amekwishachimba msingi. Mnunuzi alikuwa mtu mwenye pesa taslimu, na wenye pesa taslimu mwaka ule walinunua vitu vingi vizuri kwa bei rahisi. Hii nayo ni athari ya janga ambayo haisemwi vya kutosha: mali haikupotea hewani, ilihama mikono. Viwanja, dhahabu, pikipiki na tuktuk vilitoka kwa wenye shida vikaenda kwa waliokuwa na akiba, na havikurudi wakati uchumi ulipopanda kwa asilimia 7.5.

Sasa serikali ilifanya nini? Ilifanya mengi upande mmoja. Mwezi Aprili ilishusha VAT, kodi ya ongezeko la thamani, kutoka asilimia 16 hadi 14. Waliokuwa wanapata mshahara usiozidi shilingi 24,000 kwa mwezi waliondolewa kodi ya mapato kabisa, na kiwango cha juu kikatolewa asilimia 30 kikawa 25. Ni hatua nzuri kwa mwenye hati ya mshahara. Lakini kwa hesabu za KNBS wenyewe, kati ya kila Wakenya 100 wanaofanya kazi, zaidi ya 80 wako kwenye kazi zisizo rasmi. Huwezi kumpunguzia kodi ya mshahara muuza mahamri. Walioandikwa kwenye orodha ya msaada walipata shilingi 1,000 kwa wiki kwa simu, na vijana wa mitaa ya mabanda wakapewa vibarua vya kufagia na kuzibua mitaro kupitia mpango wa Kazi Mtaani. Nimewaona waliopata, na elfu ile ilileta unga nyumbani, sitaidharau. Ila orodha ilipita kwa chifu na wazee wa mtaa, na mtaani kwetu hakuna aliyeweza kueleza kwa nini nyumba hii imeandikwa na ile imeachwa. Halafu Agosti zikaja habari za KEMSA, shirika la kununua dawa na vifaa vya hospitali za umma, na zabuni za mabilioni ya vifaa vya korona zilizochunguzwa kwa bei zake na kwa kampuni zilizozipata. Watu waliokuwa wamefunga biashara zao kwa kutii amri walizisoma habari hizo wakiwa na njaa. Imani iliyopotea siku zile naiona mpaka leo kila serikali inapoomba raia wavumilie.

Waliotushika mkono hasa ni watu wetu. Pesa ambazo Wakenya walioko nje walituma nyumbani mwaka 2020 zilipita dola bilioni 3, kutoka karibu bilioni 2.8 mwaka uliotangulia. Wataalamu wengi walitarajia zingepungua. Mimi sikushangaa. Mtu aliye Muscat ama London, ambaye kila siku anapigiwa simu na ndugu saba, hapunguzi kutuma, anapunguza kula. Lakini pia walikuwepo dada zetu wanaofanya kazi za ndani Ghuba, waliofukuzwa na matajiri wao walipoanza kuogopa maambukizi, bila ndege ya kuwarudisha. Nyumba zilizowategemea hao zilipata pigo mara mbili, na namba ya bilioni 3 huwaficha.

Pengine nikiulizwa ni wiki gani ilikuwa ngumu kuliko zote, wengi wangetarajia niseme Aprili. Nitasema ile ya kwanza ya Januari 2021. Shule zilikuwa zimefungwa tangu Machi. Darasa la nne, la nane na kidato cha nne pekee ndio waliorudi Oktoba. Tarehe 31 Desemba ukaisha ule msamaha wa M-Pesa wa kutuma hadi shilingi 1,000 bila ada. Tarehe 1 Januari VAT ikarudi asilimia 16. Tarehe 4 Januari watoto wote wakatakiwa shuleni, na karo, sare zilizobana, viatu vilivyokuwa vidogo kwa miguu iliyokua miezi tisa. Nafuu hizo ziliondolewa wiki ileile ambayo mzazi alihitaji pesa kuliko wakati wowote wa janga lote. Sijui kama kuna aliyekaa mezani akaziweka tarehe hizo pamoja kwenye karatasi moja kabla ya kuziidhinisha.

Si wote waliorudi darasani. Kijana wa jirani alikuwa ameshaanza kuendesha tuktuk ya ami yake na kuleta pesa nyumbani. Mama yake alimsihi, lakini sauti ya mama haina nguvu mbele ya mwanawe anayemnunulia unga. Msichana aliyekuwa darasa moja naye alikuwa ameolewa. Alikuwa mzuri wa hesabu, nami nilikuwa nikimfundisha barazani kwetu siku za likizo. Masomo yalikuwa yakitolewa redioni na kwenye televisheni muda wote ule, lakini kwao redio haikuwepo na simu ilikuwa moja, ya baba, inayotoka naye asubuhi.

Na bandari? Bandari haikulala. Mzigo uliopita Mombasa mwaka 2020 ulikuwa takriban tani milioni 34, karibu sawa na mwaka uliotangulia. Walioumia ni madereva wa malori, waliokaa siku nyingi kwenye foleni za Malaba wakingoja majibu ya vipimo ili waingie Uganda, wakilala chini ya magari yao, na wenyeji wakiwakimbia kwa kudhani wao ndio ugonjwa. Nchi nzima, Uganda na Rwanda zilikula na kuwasha taa kwa sababu yao.

Sisemi kwamba kufunga kulikuwa kosa. Kenya ilihesabu vifo zaidi ya 5,600 vya korona, na mwaka 2021 lilipokuja wimbi la Delta nilizika watu ninaowajua. Chanjo za kwanza, zaidi ya dozi milioni moja, zilifika Nairobi tarehe 3 Machi 2021, na sisi tulikuwa nyuma sana kwenye foleni ya dunia. Kufunga kulinunua muda. Ninachobishania ni nani aliyelipa bei ya muda huo. Alilipa muuza mahamri, mpaka hina, mpishi wa pilau na mwenye kiwanja cha Mtwapa, kwa akiba ya miaka yao, kwa faida ya watu wote. Aliyelipa kwa niaba ya umma anastahili kurudishiwa. Badala yake alipewa mkopo. Hustler Fund, mfuko wa mikopo wa serikali, ilizinduliwa tarehe 30 Novemba 2022, mkopo wa kuanzia shilingi 500 hadi 50,000 kwa riba ya asilimia 8 kwa mwaka. Mamangu mdogo alianzishiwa chini kabisa, kwa kiasi kisichonunua hata robo ya beli, na wakati huo bei ya ngano na mafuta ya kupikia ilikuwa imepandishwa na vita vya Ukraine. Aliurudisha wote kwa wakati, kama kawaida yake.

Mchezo wao umefufuka. Wale wawili wanasalimiana, na mmoja wao ndiye anayeshika daftari. Kuna sheria mpya waliyoipitisha kwa kauli moja: kila wiki, kabla ya mwenye zamu kupewa chake, kiasi kidogo hutolewa kikawekwa kando, hakikopeshwi wala hakiguswi kwa karo wala kwa harusi. Ni cha siku barabara zitakapofungwa tena. Mara ya mwisho walipohesabu mbele yangu, kilitosha kumlipia kila mwanachama kodi ya mwezi mmoja. Wanataka kifike mitatu.